Ushauri: Naenda kuangalia ndege mlimani na marafiki wasiojua kunyamaza

ChirikuMkimya:
Wakuu, salaam. Mwezi wa saba tunapanda hifadhi moja ya mlimani, nchi za kaskazini, kwa hiyo huko ni majira ya joto. Tupo watano. Mwenye wazimu wa ndege ni mimi tu. Wenzangu wanataka kutembea, kupiga picha na kufika juu mapema. Ni marafiki wa siku nyingi, sitaki kuwaburuza, ila pia sitaki kurudi nimeona migongo yao tu.

Nianzie wapi, msituni chini au juu kwenye uwazi? Darubini gani inamfaa mtu asiyewahi kushika? Halafu mmoja wetu anakuja na spika ndogo, eti atapiga sauti za ndege watoke wenyewe. Moyo wangu unakataa lakini hoja ya kumpa sina.

Naomba kuwasilisha.

TelekaWaJuu:
Watano na wote wanaongea? Tangulia peke yako mkuu, watakukuta huko huko.

BiKigogota:
Usimsikilize Teleka, huyo hata harusini huenda peke yake.

Mwanangu, shida yako kubwa ni mwezi kuliko marafiki. Dume huimba kulinda eneo lake na kuita jike. Ikifika mwezi wa saba, wengi wa huko chini wameshalea, hawana sababu ya kuimba. Wakubwa wanaanza kubadilisha manyoya, na ndege ambaye mabawa yake hayajakamilika hajionyeshi ovyo. Ukitegemea nyimbo utaapa kwamba msitu umehamwa.

Lakini mlima una kalenda yake. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6 hivi, theluji ya juu huchelewa kuyeyuka, wadudu huchelewa, na ndege nao huchelewa kutaga. Karibu na pale miti inapoishia unaweza kukuta bado wanaimba wakati bondeni kimya. Kwa hiyo wewe na wenzako mnataka kitu kimoja bila kujua: kupanda mapema. Ondokeni gizani ili jua liwakute mnakaribia mpaka wa miti. Hapo mpakani, msitu unapokutana na majani mafupi, kaeni chini. Wa msituni na wa uwazini wote hupita hapo.

Ikifika saa nne asubuhi, ndege wadogo watapungua. Hapo inueni vichwa. Miamba ikishapata joto, hewa hupanda, na tai na vipanga huipanda bila kupiga bawa. Hao hata mpiga kelele ataona.

Saa sita muwe mmeanza kushuka. Radi za mchana milimani wakati wa joto si hadithi, na juu kule kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

ChirikuMkimya:
Shikamoo Bi Kigogota, umenifungua macho. Ila kuwaamsha hawa saa tisa usiku...

BiKigogota:
Marahaba. Waambie ni kwa ajili ya picha za macheo. Si uongo.

MzeeWaBonde:
Kuhusu spika: hapana kabisa. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anaamini amevamiwa. Anaacha kulisha watoto, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo, na kipindi chote hicho kiota kiko wazi. Wewe unaona umemwita, yeye yuko vitani. Hifadhi nyingi zinakataza, na za taifa za Marekani ni mojawapo, kwa hiyo someni kanuni za huko mnakoenda. Rafiki yako akibisha, mwambie kuna kazi nyingine ya kelele: asikilize vifaranga. Mwezi wa saba watoto waliotoka kiotani wanaomba chakula kutwa, sauti kali moja ileile. Ukiifuata kwa macho tu, bila kusogea, mzazi atakuja na mdudu mdomoni na wewe utamwona vizuri bila kumdanganya.

Nusu_Mlima:
Darubini chukua 8x42. Namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu hukimbilia 10x wakidhani kubwa ndiyo bora, kumbe mkono ukitetemeka baada ya kupanda, picha nayo inatetemeka mara 10, na eneo unaloliona ni dogo. Mgeni atatafuta ndege mpaka ndege azeeke.

Wafundishe kitu kimoja kabla ya safari: macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo ipande usoni. Wengi huinamia darubini kwanza, wakiinua kichwa ndege hayupo.

TelekaWaJuu:
10x kwa tai wa mbali bado ni bora. Nimesema.

Nusu_Mlima:
Kwa tai sawa. Beba yako.

MzeeWaBonde:
Nyongeza. Mkishuka, msipite kijito haraka. Huko kaskazini kuna ndege mdogo mnene, mkia mfupi, anachuchumaa-chuchumaa juu ya jiwe halafu anazama na kutembea chini ya maji kutafuta wadudu. Nimeona watu wasiojali ndege hata kidogo wakimsubiri aibuke kama watoto. Na maji yanavuma, kwa hiyo waongee watakavyo.

Dada_Manyoya:
Pakua Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege kutoka Cornell Lab, pamoja na kifurushi cha ndege wa eneo hilo, ukiwa bado na mtandao. Inasikiliza na kupendekeza jina hata mlimani bila intaneti. Ichukue kama fununu, thibitisha kwa macho. Na makinda yasikuumize kichwa, mengi hayafanani na wazazi wao. Ukishindwa andika "kinda" uendelee.

ChirikuMkimya:
Wakuu, asanteni. Nimewatumia wenzangu ujumbe: tunaondoka gizani, mpakani mwa miti tunakaa, wanaotaka kilele wanaendelea, tunakutana kijitoni wakati wa kushuka. Spika inabaki nyumbani. Mwenyewe amenuna kidogo, ila ameuliza kama yule wa kuzama majini anapigika picha.

MzeeWaBonde:
Anapigika. Akae mbali na kiota, mara nyingi kipo nyuma ya maporomoko au chini ya daraja. Ndege akianza kupita na chakula mdomoni bila kutua, warudi nyuma hatua kadhaa.