Jibu: Vifaa kulala garini, na bima inapokataa kulipa

Asalaam aleikum ndugu zangu wa hapa Uingereza,

Kaka uliyeandika kwamba umeibiwa drili garini na bima ikakataa kulipa, pole sana. Yaliyokukuta yalinikuta na mimi. Gari lilikuwa mbele ya dirisha langu, limefungwa. Wezi waliushika mlango wa ubavuni kwa juu, wakaukunja kama kifuniko cha kopo la samaki. Alfajiri sikukuta hata bisibisi.

Kilichoniuma zaidi ni bima. Nilikuwa nimelipia nyongeza ya vifaa, maana bima ya gari peke yake kwa kawaida haihesabu vilivyomo. Kumbe mkataba una kifungu cha usiku: kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi, vifaa vilivyoachwa garini havilipwi, isipokuwa gari limelala ndani ya gereji iliyofungwa. Wakanikatalia. Kifungu hicho wengi wanacho, saa tu ndizo hutofautiana. Kitafute leo kwenye mkataba wako.

Sasa vyote vinalala sebuleni. Mlango wa ubavuni nimeutia kufuli za nyongeza, juu na chini, na gari nalirudisha kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma uzibwe na ukuta. Kila mashine nimeipiga picha, namba yake na risiti yake.

Na dada unayekwenda Mombasa wiki 7 ukiiacha nyumba bila mtu, soma kwanza bima ya nyumba. Nyingi huacha kulipia wizi nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30, nyingine 60. Binamu yako kupita tu kuokota barua huenda kusitoshe. Wapigie kabla hujasafiri, jibu walitume kwa maandishi. Na dhahabu: kila kipande kina kikomo cha malipo, kwa hiyo mkufu wa harusi ukizidi hapo uorodheshe peke yake. Usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Vitu vya pauni 40,000 ukivikatia bima ya 20,000, wanaweza kukulipa nusu tu ya hasara, hata ikiwa kilichoibwa ni televisheni moja.

Ukikataliwa, andika malalamiko rasmi. Kampuni ina wiki 8 za kukujibu. Usiporidhika, una miezi 6 tangu jibu lao la mwisho kupeleka shauri Financial Ombudsman Service, yaani msuluhishi huru kati ya wateja na kampuni za fedha na bima, bila malipo. Mimi niliiacha miezi hiyo ikapita. Kaka, wewe bado unao muda. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa 8 mchana, njoo na mkataba tuandike barua pamoja.