Grupu letu la mashabiki wa kikapu Dar limepoa, nifanyeje likue lenyewe?

Habari za jioni wakuu. Mwezi wa pili sasa tangu nifungue grupu la WhatsApp la mashabiki wa kikapu hapa Dar, ligi ya mkoa, NBA ya Marekani, BAL ile ligi ya kikapu ya Afrika, vyote humohumo. Tupo 130 ila wanaoongea ni watu wanne na mimi nikiwemo, nikirusha matokeo naona tiki za bluu tu halafu kimya. Sasa kuna jamaa kanifuata inboksi anataka elfu thelathini aniingizie watu mia tano, na kusema ukweli nimetamani. Kikapu kiliniingia damuni 2009, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, kwetu Temeke kila mtoto akawa anatafuta ringi ya kupigilia ukutani. Inaniuma mchezo huu kukosa kijiwe. Naombeni ushauri.

Mpiga_Ribaundi: Usitoe hata mia mkuu. Hao mia tano hawajaomba kuingia, nusu watajitoa siku hiyohiyo na waliobaki wataanza kutupia matangazo ya mikopo na mikeka. Watu wako wapo Don Bosco Upanga. Nenda siku ya mechi, kaa nao jukwaani, yule mtakayebishana kuhusu timu zetu za Pazi na Savio mpaka giza linaingia hamjamalizana ndo umwambie njoo tumalizie grupuni. Huyo hawezi kukaa kimya.

Dada_Robo_ya_Nne: Kwenda uwanjani sawa, ila akiingia akute nini? Matokeo kila mtu anayo kwenye simu yake. Mechi nyingi za NBA zinaanza saa nane, saa tisa usiku kwetu, watu wamelala, asubuhi wako kwenye daladala foleni ya Ubungo haisogei, hiyo ndo saa yako. Usiweke skoo tu, uliza swali, kocha alimtoaje pointi gadi wake, yule mchezesha timu, dakika zile? Halafu mechi za wanawake msiziruke. Mimi nimecheza, kuna grupu nilikaa miezi sita hakuna hata siku moja mtu kauliza kina dada wamemalizaje, nikajitoa.

Mzee_wa_Kwata: Hao wenzako watatu wanaoongea wape uadmini, wasiwe wanakusubiri wewe. Na Simba na Yanga pigeni marufuku mapema, grupu letu la ngumi lilifia hapohapo.

Mleta uzi: Nimewasoma wakuu, yule jamaa nimeshamkatalia. Dada, nimerudi kuangalia nilichoposti miezi yote miwili, mechi ya wanawake hata moja hamna. Naomba radhi kwa hilo, na kama utakuwa tayari nakuomba uadmini upande huo uushike wewe. Jumamosi nashuka Don Bosco, nani atakuwepo?

Dada_Robo_ya_Nne: Nipo. Niwekee link.