Mrejesho: Paka aliyekojolea mapazia

Mlionijibu mwezi jana kuhusu paka wangu aliyekuwa akirusha mkojo kwenye mapazia na kochi tangu tuhamie Milimani, Kisumu: ahsanteni. Daktari wa mifugo alipima mkojo kwanza, hakuna maambukizi. Mchokozi kumbe ni dume wa jirani, huja dirishani kila alfajiri! Nimebandika karatasi kwenye kioo cha chini na kuongeza trei ya pili ya mchanga. Kochi nalisugua kwa siki na maji. Ile sabuni yangu ya amonia ilinukia kama mkojo, nilikuwa namkaribisha arudie. Wiki tatu sasa, amekosea mara moja tu, siku mafundi walipotoboa ukuta. Kumchapa nimeacha, yule kati yenu aliyenigombeza kwa hilo alisema kweli. Paka wangu anahasiwa Ijumaa.