Umri wa tuta la mchanga wa jangwani hupimwaje?

Mwanafunzi wa Jinja:
Habari zenu, wanajukwaa. Tumefundishwa kwamba tope la chini ya Ziwa Viktoria hupimwa umri kwa kaboni-14 (aina ya kaboni inayopungua polepole katika mabaki ya viumbe) kwa sababu lina mabaki ya mimea, na ndivyo ilivyofahamika kuwa ziwa letu lilikuwa limekauka kabla ya miaka 15,000 hivi iliyopita. Matuta ya jangwani, hata hivyo, ni mchanga mtupu. Wataalamu hujuaje yalijengwa lini?

Mpima Miamba, Kampala:
Ndugu, kinachopimwa ni chembe ya mchanga yenyewe. Urani, thori na potasiamu, ambazo zimo kidogo katika karibu kila udongo, hutoa mionzi bila kukoma, na mionzi hiyo husababisha elektroni kunaswa ndani ya fuwele za kwatzi, madini yanayopatikana kwa wingi katika mchanga. Upepo unapoipeperusha chembe juani, mwanga huzifungua elektroni hizo kwa muda mfupi sana. Chembe ikifukiwa, hesabu huanza upya. Maabara huimulika chembe, ikatoa mng'ao hafifu unaoonyesha kiasi cha mionzi iliyopokewa tangu ilipofukiwa, kisha kiasi hicho hugawanywa kwa kile kinachopokewa kila mwaka. Njia hii ilielezwa mwaka 1985 nchini Kanada. Sampuli huchukuliwa kwa bomba lisilopitisha mwanga na kufunguliwa chini ya taa nyekundu, kwani kuianika juani kidogo tu ni kuiharibu.

Mwanafunzi wa Jinja:
Asante sana, mwalimu. Je, umri wa miaka 10,000 unamaanisha kwamba wakati huo palikuwa pakavu?

Msomaji wa Mbale:
Hapo ndipo wengi tunapojikwaa, nami nilijikwaa pia. Umri huo husema tu ni lini chembe ilifukiwa na kusalia ilipo. Tuta linaloendelea kuhama hujifukua lenyewe na kufuta kumbukumbu zake, kwa hiyo ukame mrefu unaweza kuacha tarehe chache kuliko kipindi kifupi ambacho mimea iliota na kuushika mchanga. Tazama tuta la Lala Lallia nchini Moroko, lenye kimo cha mita 100 hivi: utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba msingi wake una miaka 13,000 hivi, ilhali sehemu kubwa ya tuta ilirundikana katika miaka 1,000 iliyopita. Mtu akitazama pengo la miaka lililo kati ya tarehe hizo peke yake, asiharakishe kusema ni mvua, ingawa Sahara ilikuwa ya kijani kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, hadi miaka 5,000 hivi iliyopita. Upepo ukibadili mwelekeo, au mto uliokuwa ukileta mchanga ukikauka, pengo kama hilo hutokea pia.

Mpima Miamba, Kampala:
Nakubaliana na mwenzangu. Ndiyo maana tarehe za matuta husomwa pamoja na tope la maziwa: tope hurundikana tabaka juu ya tabaka, ilhali mchanga huandika kwa vipande. Sisi wa kando ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, tuna bahati ya kuwa na hilo tope.