Tuliopanda miti na sakulenti nyumbani, tupeane uzoefu: raha na majanga

mpenda_kivuli
Wakuu habari za jioni. Leo nimesimama dirishani namwangalia jirani na fundi bomba wanang'oa mti wa fikasi kwenye kona ya ukuta, mzizi mnene kama paja unatoka ndani ya chemba, na ndani ya bomba imejaa mizizi myembamba myekundu kama mkia wa farasi, nikakumbuka wa kwangu. Niliupanda ukiwa kwenye kopo, urefu wa kiganja, nikauweka mita moja na nusu tu kutoka kwenye msingi maana nilitaka kivuli dirishani. Kivuli nilikipata jamani, kile chumba kilikuwa na ubaridi kuliko vyote. Ila mwaka wa saba mlango wa barazani ukaanza kukwaruza chini, tukasema ni unyevu umevimbisha mbao, tukaupiga randa. Mwaka uliofuata ukakwaruza tena tukaupiga randa tena. Kumbe mlango hauna kosa, sakafu ndiyo inapanda! Siku tunaukata nililia kama nimefiwa. Haya semeni na nyie, kama ni mti kama ni sakulenti za dirishani, ile mimea minene inayotunza maji, kilichokuumiza na kilichokufurahisha.

dadaa_wa_ghorofani
Hapo kwenye kupiga randa mara mbili umenigusa. Sisi yetu ilikuwa ngazi ya mlangoni.

fundi_chemba
Naomba niitetee miti kidogo. Nimefukua mabomba mengi, mzizi haujiendei tu kutoboa bomba zima. Unafuata unyevu. Penye maungio panapovuja tone tone ndipo unapoingia mwembamba kama uzi wa kushonea, ukishakuta maji na mbolea ya bure humo ndani unanenepa mpaka unapasua. Kagua maungio kwanza. Lakini fikasi na nyumba hapana, mpe mita 10 ndio ulale usingizi.

bibi_kitalu
Mita 10? Mwenye kiwanja kidogo akapande barabarani? Kuna miti yenye mizizi ya staha. Mlimau, mkomamanga, mstafeli, mita 3 zinatosha kabisa. Shida watu wanafika kitaluni wanachagua mche kwa uzuri wa majani, hata mmoja haulizi huu ukikua unafika wapi.

fundi_chemba
Mita 3 ni mpaka ukute chemba iko hapo hapo. Nimeyaona bibi.

bibi_kitalu
Na mimi nimeyaona. Nina mlimau mita 2 na nusu kutoka ukutani, mwaka wa 14 huu, hakuna ufa hata wa unywele.

kaka_mpungate
Nyie mnahofia mizizi, mimi nahofia mpungate. Na sio ile miiba mikubwa, ile unaiona unaikwepa. Ni vile vinywele vya rangi ya dhahabu vilivyokaa mafungu mafungu kwenye shina, ukiviangalia vinapendeza kama manyoya ya kifaranga, na kila kimoja kina ndoano nchani. Mvua ilinikuta nikaukumbatia mpungate na chungu chake niuingize ndani, fulana kifuani. Nikavua fulana nikaitupa kwenye nguo chafu, ikafuliwa na nguo za nyumba nzima pamoja na mataulo. Wiki mbili watu wote humu ndani wanajikuna na hakuna anayeona kitu!

mpenda_kivuli
Pole sana mkuu. Mlivitoaje?

kaka_mpungate
Kibano na taa, kimoja kimoja. Mataulo tulichoma.

nyanya_za_dirishani
Paka gundi nyeupe ya karatasi, tandika kitambaa chepesi juu yake, ikikauka vua taratibu. Ila tangulia na kibano kwa vile vilivyo vikubwa.

juma_wa_vyungu
Selotepu inatosha.

kaka_mpungate
Selotepu nilijaribu, inatoa vile ambavyo vingedondoka vyenyewe. Vilivyozama haivigusi.

mama_vibaraza
Nimeusoma uzi huu mpaka hapa nikaona niseme, sijawahi kuandika hili popote kwa hiyo naandika kama linavyokuja. Nina mnyaa. Ule usio na majani, vijiti vya kijani tu. Ulikuja kwangu ni kijiti cha urefu wa penseli nikauchomeka kwenye ndoo iliyotobolewa, ukanyanyuka mpaka ukagusa dari ya kibaraza nikaona niupogoe. Najua una utomvu, kila mtu anajua, nikavaa glavu na mikono mirefu. Macho sikuyafikiria. Nimepanda kwenye stuli nakata tawi la juu, ule utomvu si unadondoka kama maziwa, tone likaniangukia kwenye paji la uso na mimi natoka jasho nikajipangusa kwa nyuma ya glavu ile ile. Nikaendelea kukata. Nasema tena, NIKAENDELEA KUKATA, maana mwanzoni nilisikia uvuguvugu tu. Baada ya kama dakika kumi ndio ikaanza kama pilipili, nikanawa mara mbili tatu kwa kiganja ikatulia nikaona yameisha, nikafagia vipande nikatupa kwenye pipa. Saa tatu usiku macho yote mawili yamefunga. Sio kuvimba peke yake, ni kwamba ukijaribu kuyafungua ule mwanga wa taa ni msumari. Mwanangu wa miaka 8 alinishika mkono kunipeleka chooni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Usiku ule niliamini sitaona tena, na nilichokuwa nawaza, mtanisamehe, ni nani atajua chungu kipi kinataka maji na kipi hakitaki.

Asubuhi hospitali. Daktari akanidondoshea dawa ya rangi ya machungwa akamulika kwa taa ya bluu, akamwita mwenzake aje aone, nikasikia wananong'ona nikazidi kuogopa. Akaniambia tabaka la juu la jicho limechubuka macho yote mawili, na kwamba ningenawa kwa maji mengi yanayotiririka robo saa nzima pale pale nisingefika hapo. Nikapewa dawa za matone nikarudi kukaa gizani. Siku sita. Na ndani ya hizo siku sita mwanangu kila asubuhi alikuwa anazunguka kibarazani halafu anakuja kitandani kunisomea ripoti. "Mama yule wa madoa ametoa kitu cha pinki pembeni. Mama yule mnene amekunjamana, nimpe? Mama lile jani uliloliweka juu ya mchanga lina mizizi, zile nyeupe, na katoto kadogo kama punje ya mchele." Nilikuwa nawaona wote. Sijawahi kuviona vile vyungu vizuri kama siku zile. Macho yalirudi, wiki ya tatu nikasoma maandishi madogo.

dadaa_wa_ghorofani
Pole mama. Nimetokwa na machozi kwenye hiyo punje ya mchele.

juma_wa_vyungu
Pole sana. Ila mnyaa umeukata?

mzee_wa_mihogo
Angewahi maziwa ya mama anayenyonyesha yangetuliza pale pale. Ndio dawa yake toka zamani.

muuguzi_mstaafu
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Usitie maziwa, usitie mafuta, usitie asali. Utomvu ule unanata, unachotaka ni maji safi yatiririke dakika 15 mpaka 20 huku kope umezishika wazi, na hospitali hata kama umepata nafuu, maana huwa unazidi baadaye. Ndivyo ilivyomkuta mama hapa.

mzee_wa_mihogo
Tumetibiwa hivyo na tunaona mpaka leo.

muuguzi_mstaafu
Na wapo waliotibiwa hivyo hawaoni, nimewapokea kwa mikono yangu. Mzee tusibishane kwenye macho.

bibi_kitalu
Muuguzi yuko sahihi. Na muongeze waridi la jangwani, lile la tumbo nene na maua ya pinki, utomvu wake watu walipaka mishale ya kuwindia. Ukimaliza kulipogoa nawa mikono kabla hujagusa kitu kingine chochote.

chipukizi22
Mimi langu nililiua kwa mapenzi. Nilikuwa namwagilia kila jioni nikitoka kazini, naliongelesha kabisa, siku moja nikalibonyeza tumbo kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva sana. Nimekaa nalo mapajani saa nzima.

nyanya_za_dirishani
Pole. Ungekata mpaka ukute nyama nyeupe safi, ukaacha kidonda kikauke kivulini wiki hivi, halafu ukalirudisha kwenye mchanga mkavu. Mimi nimeokoa mawili hivyo. Sakulenti maji kila baada ya wiki mbili basi.

juma_wa_vyungu
Kila Jumapili mimi na zinastawi.

bibi_kitalu
Msimwagilie kwa kalenda, mwagilieni kwa kidole. Zamisha kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu ondoka. Na chungu kisicho na tundu chini kifanyeni cha kuwekea kalamu.

chipukizi22
Na kulala nazo chumbani? Nimeambiwa usiku mimea inamaliza hewa.

juma_wa_vyungu
Kinyume chake, zinasafisha hewa. NASA wenyewe walipima 1989.

fundi_chemba
Walipima ndani ya masanduku yaliyofungwa pande zote Juma. Chumba chako kina mlango na dirisha, hewa inaingia na kutoka. Usiwape watu matumaini ya vyungu vitatu.

juma_wa_vyungu
Wewe ni fundi bomba au fundi hewa?

muuguzi_mstaafu
Mtoto lala nazo, hewa inayotumiwa na chungu usiku haifiki hata robo ya mtu unayelala naye. Na hizi sakulenti nyingi mchana zinafunga vitundu vya majani ziokoe maji, usiku ndio zinafungua kuvuta ile hewa chafu tunayotoa sisi.

asali_ya_ukutani
Niingize ya furaha. Nina ile kaktasi ya majani bapa yanayoning'inia, inayochanua usiku mmoja. Miaka mitano hakuna kitu, watu wananiambia tupa. Mwaka huu likaja chipukizi, likainama, likageuka juu kama shingo ya bata. Saa mbili usiku lilianza kufunguka, ukituliza macho unaona petali zinasogea. Nikaamsha wote. Tulikaa sakafuni na mito mpaka saa saba, nyumba nzima inanukia mpaka kwenye mapazia. Asubuhi limelegea kama kitambaa kilicholowa. Nimelihifadhi kwenye daftari.

mpenda_kivuli
Asante kwa hii. Jirani ndio kwanza amemaliza, kisiki kiko nje. Nimemwomba fimbo moja.

fundi_chemba
Uipande wapi?

mpenda_kivuli
Kwenye chungu mkuu. Chungu kikubwa, kiwe juu ya matofali. Naapa.

juma_wa_vyungu
@mama_vibaraza bado hujajibu, mnyaa umeukata?

mama_vibaraza
Ulikatwa baba. Shemeji yangu aliukata wote siku ile ile niko hospitali, akang'oa mpaka ndoo. Mwezi uliopita nasogeza pipa la taka nifagie, nikakuta nyuma yake kijiti kimelala kwenye ufa wa saruji. Nadhani ni kimojawapo cha vile nilivyovikata mimi nikakikosa nikifagia. Kimesimama nusu, kimetoa matawi matatu, na hakijaonja maji ya mtu. Nilikaa nacho kwa muda. Nimeshanunua miwani ya kufunga pembeni, na chungu nimeshakitoboa.