Juya Chwaka: liondolewe kabisa, au lipangiwe eneo lake?

Kusi:
Asalaam alaykum wenzangu. Juya, yaani wavu wa kukokota, liondolewe moja kwa moja kwenye ghuba ya Chwaka hapa Unguja, au lipangiwe eneo lake? Kisheria limekatazwa Zanzibar miaka mingi, lakini limeendelea kuvutwa, na mvutano kati ya watu wa dema (mtego wa kusukwa) wa Marumbi na watu wa juya wa Chwaka si wa jana. Mimi nasema liondolewe. Sababu yangu iko chini mchangani, kwenye nyasi.

Ghuba hii ina maji machache. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa sehemu kubwa hubaki wazi. Kusini iko mikoko ya Charawe na Ukongoroni, nje iko miamba, na katikati ni uwanja wa nyasi za bahari, aina zisizopungua 10. Changu wadogo hukulia humo. Tasi na pono hula humo.

Sasa tazama juya lilivyoundwa. Kamba ya juu ina maboya, ya chini ina risasi, na ile ya chini lazima iburure, maana isipoburura samaki watapenya chini yake. Ikikata jani peke yake si kitu, jani litaota. Lakini nyasi zina shina lililolala mchangani, kina cha vidole vichache tu, na ndilo linalotoa majani na mizizi. Risasi zikipita pale pale mara ya tatu, mara ya nne, shina linang'oka. Mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi unachukuliwa na mkondo, panabaki shimo lenye kingo, na kingo zinamegeka kila maji yakijaa na kupwa. Shimo linapanuka hata juya likiwa limeanikwa pwani! Nyasi zenye shina nene huchukua miaka kurudi mahali kama hapo.

Na mfuko wa katikati una macho madogo. Ukikung'utwa ufukweni hutoka rundo la majani, na ukiyapekua majani unakuta changu wa urefu wa kidole.

Kaskazi:
Waalaykum salaam. Ndugu yangu Kusi, la nyasi sikupingi. Ninalopinga ni hilo "moja kwa moja". Juya ni kazi ya kundi: wako wavutaji, wako wapiga mbizi wa kulikwamua kwenye mawe, yuko nahodha, yuko mwenye chombo na mwenye wavu. Mapato hugawanywa kwa mafungu. Kijana asiye na ngalawa wala wavu huingia na mwili wake tu, akarudi na kitoweo. Dema halimpokei hivyo. Linataka fito, msukaji, chambo, chombo cha kulifikisha, na dema moja halilishi nyumba. Mtoe kijana huyo bila kitu mkononi, atarudi usiku. Kenya walipiga marufuku nyavu za kukokota mwaka 2001 na hazikutoweka.

Rai yangu ni mpaka. Juya libaki kwenye mchanga mtupu, nyasi waachiwe watu wa dema na mshipi.

Matlai:
Mnazungumza kana kwamba nyasi zina adui mmoja. Kilimo cha mwani kilianza kisiwani mwaka 1989, Paje na Jambiani, kisha kikaenea mpaka ghuba hii. Shamba jipya likifunguliwa juu ya nyasi, nyasi hung'olewa kwa mkono kwanza. Kisha vigingi hupigwa, kamba zikavutwa, mbegu zikafungwa kwa tai-tai kila baada ya shubiri moja, zikakaa kiasi cha wiki 6. Muda wote huo chini kuna kivuli, na miguu inapita. Vigingi vyenyewe vinakatwa wapi? Vichakani na mikokoni, ilhali sehemu ya mikoko hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004.

Sisemi kina mama waache. Nasema shamba lifunguliwe penye mchanga, na njia ya kupita iwekwe moja kati ya vitalu. Tena mwani wa kotoni, ndio wenye bei, haustahimili maji machache yanayopata moto. Matawi yanakuwa meupe, yanakatika. Dawa inayotajwa ni kamba za kuelea kwenye kina, zenye nanga na maboya. Huko ndiko Kaskazi anakotaka kulipeleka juya?

Kusi:
Matlai, la mwani nakubali, liingie kwenye makubaliano hayo hayo. Ila shamba hukaa mahali pake na linajulikana. Juya huhama.

Kaskazi, mpaka wako una tatizo moja kubwa: kwenye mchanga mtupu samaki ni haba. Juya hufuata nyasi kwa sababu samaki wako kwenye nyasi. Ukilipa mchanga peke yake umelinyima riziki, na litavuka. Na huko huko Kenya ulikokutaja, pale ambapo wavuvi wenyewe walikubali kuliondoa, kipato cha mvuvi mmoja mmoja kilipanda.

Demani:
Mpaka wowote mtakaochagua, uonekane. Boya bila nanga nzito halimalizi msimu wa upepo wa kusi, na kamba ya boya ikiachwa ndefu hukatwa na panga la mashine. Ukaguzi nao uwe dikoni, pale samaki wanaposhushwa, kabla ya mnada, maana doria ya baharini inakula mafuta kila siku, lakini samaki wote lazima washuke pale. Mfuko unyooshwe, macho yapimwe.

Na watu wa dema wasijione malaika. Dema lenye matundu madogo nalo hubeba wachanga. Liachiwe mwanya pembeni, sentimita 4 kwa 30. Kenya wamejaribu mianya ya namna hii, na samaki wadogo na wembamba hutoka wenyewe.

Kaskazi, nakuuliza: msaada ukija wa kubadilisha zana, uanze kwa mwenye wavu au kwa mvutaji?

Kaskazi:
Kwa mvutaji. Mwenye wavu ana mali ya kuuza na chombo cha kufanyia kazi nyingine. Majina ya wavutaji yaandikwe na sheha pamoja na kamati ya wavuvi, kundi kwa kundi, kabla wavu wa kwanza haujachukuliwa. Ukishachukuliwa kundi linatawanyika, na orodha itajazwa na watu ambao hawajawahi kushika kamba. Mkinipa hilo, neno "liondolewe" nalikubali.