Mwalimu wa sayansi anapofika shuleni bila kujua kuandaa maabara

Mwalimu wa Kata (swali):
Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha kemia katika sekondari ya kata, na karibu kila mwaka hupokea wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye alama nzuri sana za chuo. Nilimwomba aandae taitresheni (jaribio la kupima asidi dhidi ya besi) ya kidato cha nne. Alisimama mbele ya mzani kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nitengeneze kiasi gani?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi: watoto 80 wakikaa wawili wawili ni meza 40, kila meza ikipima mara nne kwa sentimita za ujazo 25 zinahitajika lita 4, na kwa moli 0.1 kwa lita hizo ni gramu 16 za hidroksidi ya sodiamu, ukiacha akiba ya kitakachomwagika. Kemia hiyo anaijua kunishinda. Tatizo ni kwamba kwa miaka mitatu chuoni alikuta chupa zimeshajazwa na kubandikwa lebo na fundi sanifu wa maabara. Naomba maoni yenu: ni kitu gani hasa kibadilishwe vyuo vikuu ili anayehitimu ualimu wa sayansi awe ameandaliwa kwa kazi hii?

Mkufunzi Mstaafu:
Mwalimu, umegusa penyewe. Mwaka 2005 Chang'ombe na Mkwawa zilipogeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sekondari za kata zilikuwa zinaongezeka kwa kasi na walimu wakihitajika haraka. Idadi ilishughulikiwa, lakini mgawanyo wa zamani ukabaki: kemia inafundishwa na mkemia ambaye pengine hajawahi kusimama mbele ya kidato cha pili, na mbinu za kufundisha zinafundishwa katika ukumbi wa mihadhara usio na hata bomba la maji. Mwanachuo anaachiwa aviunganishe mwenyewe.

Mimi ningeanza na vipindi vya maabara vilivyopo, bila kuongeza somo hata moja. Kuanzia mwaka wa pili, kundi moja kila wiki liandae vifaa na kemikali za wenzao, liendeshe kipindi, kisha lieleze kilichoharibika na sababu yake. Litengeneze pia kiashirio (kimiminika kinachobadilika rangi kwenye asidi au besi) cha choya, kwa sababu shuleni kuna siku methili oranji itakuwa imekwisha.

Mama Fizikia:
Shikamoo, Mkufunzi. Nakubaliana nawe kuhusu maabara, ila nahofia tukiishia hapo tutapata mafundi hodari wasioelewa kwa nini mtoto amekosea. Mfano ni lugha. Mtoto amesoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani neno "nguvu" linabeba kani, nishati na nguvu yenyewe ya kifizikia. Vivyo hivyo dukani anaambiwa kilo mbili za unga ni "uzito", wakati darasani tunamtaka atofautishe uzito na tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu), tena kwa Kiingereza. Nilipokuwa chuoni hakuna mhadhiri aliyewahi kuligusa jambo hili, ingawa ndilo linalomaliza nusu ya kipindi changu cha kwanza kila mwaka. Ningependa mwanachuo apewe madaftari halisi ya wanafunzi, ayasome makosa yaliyomo, aeleze kila kosa limetokana na wazo gani, kabla hajaandika andalio la somo hata moja.

Bureti:
Samahani kwa kuwapinga wakubwa zangu. Nilihitimu juzi tu, na mnayoyasema ni mazuri, lakini kundi letu la maabara lilikuwa na watu zaidi ya 50 na mizani miwili. Kampeni ya kujenga maabara za sekondari za kata ya 2014 na 2015 ilitufundisha kwamba jengo la maabara linaweza kusimama kila kata na bado likakosa vifaa. Maabara za chuo nazo zisisahauliwe. Tena msije mkapunguza kemia yenyewe ili kupata nafasi ya mbinu. Mwalimu asiyejua kwa nini matokeo yamekataa hawezi kuokolewa na mbinu yoyote.

Mwalimu wa Kata:
Ahsanteni sana. Bureti, sijaona aliyependekeza kemia ipunguzwe, ila hoja ya mizani naipokea. Lipo jambo jingine ambalo nililisahau. Yule kijana alikaguliwa na mhadhiri mara moja, dakika 40, kwa somo la nadharia alilokuwa amelikariri. Mimi niliyekaa naye muda wote wa mazoezi, nikamwona siku ya tatu akipima gramu 16 bila kuniuliza, niliombwa saini ya mahudhurio tu. Fomu ya alama haikuwa na mstari wangu. Je, wapo humu ambao vyuo viliwashirikisha katika kutoa alama, na ilikuwaje?